Niliyojifunza Nikimwombea Kaka Yangu Aachiliwe Gerezani

Kaka yangu alihukumiwa kifungo cha miaka 61 mwaka 2005, akiwa na umri wa miaka 23, na mahakama ya shirikisho katika jimbo moja la kusini mashariki mwa Marekani. Mama yetu alikuwa amesharudi Tanga baada ya baba kufariki, na nilipompigia simu kumweleza aliuliza kama hiyo sitini na moja ni miezi. Nilikuwa na miaka 19. Ilibidi nimjibu mimi, kwa kuwa hapakuwa na mwingine wa kumjibu.

Kaka yuko nje sasa. Tangu atoke, watu wa jamii yetu, na wengine nisiowafahamu kabisa, wananipigia kuuliza tulifanyaje, kwa kuwa nao wana mume, mtoto au mpwa aliyefungwa miaka mingi na anayeumwa. Nimekuwa nikiwaeleza vipande vipande, kila mtu kwa kadiri ya muda niliokuwa nao, na nimeona ni haki niandike yote mahali pamoja, pamoja na pale tulipokosea. Ombi letu la kwanza lilikataliwa, na nikilisoma leo naona lilistahili kukataliwa.

Nianze na kosa lenyewe, maana kwa miaka mingi familia yetu ilikuwa inalipita kando. Mwezi Septemba 2004 kaka na mwenzake waliingia katika maduka matatu ndani ya siku kumi na moja, wakawaonyesha wauzaji bastola, wakachukua fedha. Hakuna aliyepigwa risasi, na fedha zote kwa jumla hazikufika dola 2,000. Sheria ya shirikisho huongeza adhabu ya pekee kwa kila tukio la kutumia bunduki katika uhalifu wa mabavu, na wakati ule tukio la kwanza la kuonyesha silaha lilikuwa na miaka 7, na kila lililofuata lilikuwa na miaka 25, hata kama matukio yote yamo katika hati moja ya mashtaka. Vifungo hivyo havitumikiwi kwa pamoja bali kimoja baada ya kingine. Saba, ishirini na tano, na ishirini na tano tena, hiyo ni 57; miaka minne iliyobaki ndiyo ya wizi wenyewe. Jaji hakuwa na mamlaka ya kushuka chini ya hesabu hiyo ya bunduki hata kama angependa.

Wengi wanaonipigia wanadhani kwamba mtu akikaa vizuri gerezani ataitwa mbele ya kamati na kuachiliwa akiwa ametumikia nusu. Katika magereza ya shirikisho utaratibu huo uliondolewa kwa makosa yote yaliyotendwa tangu tarehe 1 Novemba 1987. Mfungwa hupunguziwa siku zisizozidi 54 kwa kila mwaka wa kifungo kwa tabia njema, na kwa mwenye kosa la bunduki kama la kaka, zaidi ya hapo hakuna jambo kubwa la kutegemea. Karatasi ya kaka ilionyesha kwamba angetoka mwaka 2056, akiwa na umri wa miaka 74.

Mlango mwembamba uliobaki ni ule wa kuachiliwa kwa sababu za huruma. Upo katika sheria tangu mwaka 1984, lakini kwa zaidi ya miaka 30 funguo zake zilikuwa mikononi mwa mkurugenzi wa idara ya magereza peke yake: yeye asipopeleka ombi mahakamani, jaji hakuweza kulisikiliza. Mkaguzi Mkuu wa Wizara ya Sheria alichunguza miaka ya 2006 hadi 2011 na kukuta kwamba wastani wa walioachiliwa ulikuwa watu 24 kwa mwaka, katika magereza yaliyokuwa na watu zaidi ya laki mbili, na kwamba baadhi ya wale ambao maombi yao yalikwishakubaliwa ngazi za chini walikufa kabla uamuzi wa mwisho haujatoka. Tarehe 21 Desemba 2018 ilisainiwa sheria ya marekebisho iitwayo First Step Act, na kwa mara ya kwanza mfungwa aliruhusiwa kupeleka ombi lake mwenyewe mahakamani, mradi kwanza amemwandikia mkuu wa gereza na siku 30 zimepita tangu mkuu huyo apokee barua.

Sheria hiyohiyo ilirekebisha pia ile hesabu ya bunduki. Mtu akifanya leo alichofanya kaka, miaka 25 haiwezi kuongezwa ila kama alikuwa tayari ameshapatikana na hatia kama hiyo katika kesi iliyokwisha kabla. Kwa matukio matatu angepata saba mara tatu, yaani 21. Lakini Bunge la Marekani halikuirudisha nyuma sheria hiyo kwa waliokwisha kuhukumiwa. Nimejaribu sana kuelewa sababu na sijaridhika nayo hata siku moja. Wakati ule, hata hivyo, sikujua kwamba kifungu hicho kina uhusiano wowote na ombi la huruma, na kutokujua huko kulitugharimu miaka.

Figo za kaka zilishindwa kazi mwaka 2018, kwa shinikizo la damu ambalo halikuwa limedhibitiwa. Akaanza kusafishwa damu kwa mashine mara tatu kwa wiki, kwa muda wa takribani saa nne kila mara. Mimi ni muuguzi msaidizi katika nyumba ya kutunza wazee, kwa hiyo nilijua maana yake. Nilipokwenda kumtembelea aliniwekea mkono mezani niuguse pale walipomuunganisha mishipa, na nikausikia ule mtetemo chini ya ngozi, unavuma kama nyuki aliyefungiwa kwenye kopo. Mwaka 2020 ugonjwa wa Uviko ulipoingia magerezani tulishikwa na hofu, na tukaamua kuomba.

Hapo ndipo tulipofanya kosa la kwanza, nalo ni la karatasi. Kaka aliandika barua kwa mkuu wa gereza, akamkabidhi mfanyakazi mmoja mkononi bila kubaki na nakala. Baada ya siku 30 tukapeleka ombi mahakamani, na mwendesha mashtaka akajibu kwamba gereza halina kumbukumbu ya barua yoyote. Hatukuwa na cha kuonyesha. Ombi likatupwa nje bila ugonjwa wake kuguswa hata kwa sentensi moja, tukaanza upya kuhesabu siku 30, na wakati huo watu walikuwa wanakufa katika bweni la jirani. Siku hizi mtu akinipigia, jambo la kwanza ninalomuuliza ni kama ana nakala ya barua ile yenye tarehe ya kupokelewa. Iandikwe mbili, moja itumwe na ndugu kwa posta ya rejista inayorudisha stakabadhi, nyingine mfungwa aitume kwa mfumo wa barua za kompyuta wa ndani, ambao huhifadhi tarehe na saa.

Kosa la pili lilikuwa kubwa zaidi, na lilitoka katika namna yetu ya kuelewa neno lenyewe. Nilisikia huruma, nikaelewa kwamba kazi yetu ni kulia. Nilikusanya barua 31 kutoka kwa ndugu, majirani, walimu wake wa zamani na wazee wa msikiti. Zote zilisema kwamba ni kijana mpole, anatoka katika familia yenye adabu, alipotoshwa na marafiki, na kwamba mama yake amezeeka na anataka kumwona kabla hajafa. Barua yangu ilikuwa ndefu kuliko zote, na ndani yake niliyaita matukio yale matatu makosa ya ujana. Hakuna barua hata moja iliyotaja bastola.

Jibu la mwendesha mashtaka lilikuwa na kiambatisho cha ukurasa mmoja na nusu. Sheria inawapa waliodhurika na uhalifu haki ya kuarifiwa na kusikilizwa, na mmoja wao alikuwa ameandika: mama aliyekuwa akiuza katika duka la pili, lililokuwa ndani ya kituo cha mafuta. Alieleza kwamba aliacha kazi ile baada ya wiki moja, na kwamba mpaka leo, akiingia mahali popote, hutafuta kiti ambacho hakitamfanya aupe mlango mgongo. Niliisoma barua hiyo nikiwa kwenye gari, nje ya kazini, kabla ya zamu ya usiku. Kwa miaka 16 nilikuwa nimemfikiria kaka, mama yangu na mimi mwenyewe, na sikuwa nimewahi kumfikiria yule mama hata kwa dakika moja, wala sikuwa nalijua jina lake.

Uamuzi ulitoka Novemba 2020, kurasa tano. Jaji alikubali kwamba ugonjwa wa figo katika mazingira yale ni sababu nzito na isiyo ya kawaida, ambacho ndicho kipimo cha sheria. Lakini kipimo hicho ni nusu tu ya kazi. Nusu ya pili inamtaka jaji apime tena mambo yaleyale yanayopimwa siku ya hukumu: uzito wa kosa, historia ya mtu, usalama wa umma, heshima kwa sheria, matibabu anayohitaji, na kama adhabu yake inapishana mno na za wengine waliofanya kama yeye. Hapo ndipo tulipoanguka. Aliandika kwamba kaka ametumikia miaka 16 kati ya 61, kwamba haoni dalili kuwa yeye au familia yake wameukubali ukubwa wa alichofanya, na kwamba haijaelezwa mgonjwa huyu atasafishiwa damu wapi akitoka. Hoja hiyo ya mwisho iliniuma kuliko zote, kwa sababu mimi ndiye mtu wa afya katika familia.

Mwaka huo mahakama za shirikisho ziliamua maombi ya aina hii zaidi ya 7,000, zikakubali takribani robo. Miaka iliyofuata kiwango kikashuka. Nataja idadi hiyo ili anayeomba asione kwamba kukataliwa ni aibu yake peke yake, na ili asijenge maisha ya watoto juu ya ombi ambalo bado halijajibiwa, kama mama alivyopaka rangi chumba kule Tanga.

Wiki chache tu baada ya sisi kukataliwa, mahakama ya rufaa ya shirikisho yenye makao yake Richmond, Virginia, iliamua katika kesi iitwayo McCoy kwamba jaji anaweza kuitazama ile tofauti kati ya adhabu ya zamani ya bunduki na ya sasa kuwa mojawapo ya sababu nzito za kumwachilia mtu. Jimbo alikohukumiwa kaka liko chini ya mahakama hiyo. Sisi hatukujua. Tulikuwa tumeambiwa hapana, nasi tukaamini kwamba hapana ya jaji ni ya mwisho, tukakaa nayo miaka mitatu. Si kweli hata kidogo. Sheria haiwekei kikomo idadi ya maombi. Hali ikibadilika, ugonjwa ukizidi, sheria ikifafanuliwa upya, mtu anaweza kurudi. Miaka ile mitatu ndiyo ninayoijutia, kwa sababu kaka aliitumikia akiwa kwenye mashine ile.

Aliyetuamsha ni mfungwa mwenzake, mzee aliyekuwa akisafishwa damu kwenye kiti cha jirani na aliyekuwa akisoma sheria kila siku katika maktaba ya gereza. Yeye ndiye aliyemwambia kaka kwamba tume inayoweka miongozo ya hukumu, ambayo ilikuwa imekaa miaka kadhaa bila wajumbe wa kutosha kufanya maamuzi, imetoa miongozo mipya itakayoanza kutumika tarehe 1 Novemba 2023. Miongozo hiyo inataja wazi ugonjwa usiotibika, ugonjwa au udhaifu unaomzuia mtu kujihudumia, matibabu ya kitaalamu ambayo gereza haliyatoi ipasavyo, umri wa miaka 65 na kuendelea kwa aliyedhoofika na ametumikia sehemu kubwa ya kifungo, na kubaki bila mlezi kwa mtoto, mwenzi mgonjwa, au mzazi ambaye mfungwa ndiye pekee anayeweza kumtunza. Na kwa mara ya kwanza ikataja kifungo kirefu kupita kawaida: aliyetumikia angalau miaka 10, ambaye sheria iliyomfunga imebadilika kiasi kwamba adhabu yake inapishana vikubwa na ambayo angepewa leo. Mzee yule alikuwa na ombi lake mwenyewe mahakamani. Alifariki kabla halijajibiwa.

Juu ya kipengele hicho cha mwisho lazima niseme neno. Mahakama za rufaa ziligawanyika kuhusu kama tume ilikuwa na uwezo wa kukiandika, na mwaka 2025 Mahakama ya Juu ya Marekani ilikubali kusikiliza mgogoro huo. Anayeandika ombi leo amuulize wakili kwanza suala hilo limesimama wapi katika eneo lake, na asiegemee mguu huo mmoja wakati ana mingine.

Hakuna haki ya kikatiba ya kupewa wakili kwa ombi la namna hii, jambo ambalo wengi hawalijui wanapokaa kusubiri mtu awatafute. Lakini sehemu nyingi ofisi ya mawakili wa umma wa shirikisho huyapitia maombi haya, na yapo mashirika kama FAMM ambayo yamekuwa yakisaidia kuwaunganisha wafungwa na mawakili wanaojitolea. Sisi tulipata wakili wa umma, mwanamke wa makamo asiye na maneno mengi. Aliposoma zile barua 31 aliniomba radhi mapema, kisha akaniambia atatumia nne tu, na kwamba hata hizo nne zitaandikwa upya. Akaniuliza swali ambalo hakuna aliyekuwa ameniuliza: kaka yako akitoka siku ya Alhamisi, Ijumaa asubuhi atakuwa kwenye kiti cha kliniki gani?

Kazi niliyoifanya kuanzia hapo haikuwa ya kulia. Kaka alisaini ruhusa, gereza likatoa kumbukumbu za matibabu yake, kurasa 640. Nilizisoma mezani jikoni kila nikitoka zamu, kwa muda wa wiki tano. Mtu asiye wa kazi hii angeona tarakimu tu, lakini kila anayesafishwa damu hupimwa uzito kabla na baada, na uzito huo ndio unaosema ukweli: maji yakibaki mwilini, mzani unaonyesha. Nilikuta vipindi 14 vilivyorukwa katika miezi 18, mara nyingine kwa kuwa gereza lilikuwa limefungwa kwa msako, mara nyingine bila sababu yoyote kuandikwa, na baada ya vipindi hivyo uzito ulipanda kwa kilo tatu, nne, na mara moja kilo sita. Mara mbili alikimbizwa hospitali ya nje akiwa hapumui vizuri. Nikachora jedwali la ukurasa mmoja: tarehe, uzito, kilichotokea, na ukurasa wa kumbukumbu unaothibitisha. Sikuandika neno mateso mahali popote.

Nilitafuta kliniki ya kusafisha damu iliyo dakika 20 kutoka kwangu, nikazungumza na afisa wa ustawi wa jamii pale, naye akaandika barua kwamba kiti kipo siku za Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, na kwamba atamsaidia kuomba Medicaid, bima ya serikali ya watu wa kipato kidogo, wiki ileile atakayotoka. Afisa wa uangalizi wa mahakama alikuja nyumbani kwangu bila kukaa sana. Alifungua milango, akauliza nani anaishi hapa, kama kuna silaha ndani ya nyumba, simu ni ya nani. Katika chumba cha nyuma alikitazama kitanda nilichonunua, ambacho shuka zake zilikuwa bado kwenye mfuko, akaandika kitu, akaondoka. Barua ya kliniki na ripoti ya afisa huyo ndizo zilizojaza pengo tuliloliacha mwaka 2020.

Barua ya mama ilinichukua siku nyingi kuliko nilivyotarajia. Aliiandika kwa mkono, kwa Kiswahili, na ikaanza kama barua za watu wa umri wake zinavyoanza, kwa salamu, kuulizia afya ya jaji na ya watu wa nyumbani kwake, kisha ama baada ya salamu, ndipo akaingia katika jambo. Nilitaka kuzikata salamu hizo katika tafsiri nikiona haya kwamba jaji atachoka. Wakili akaniuliza kama zimo katika barua. Nikasema zimo. Akasema basi zitafsiriwe, kwa kuwa mtafsiri anatia saini kwamba ametafsiri yote kwa uaminifu, na hana ruhusa ya kumtengeneza mama awe mtu mwingine. Katikati ya barua mama alikuwa ameandika kwamba mwanawe aliwatisha watu waliokuwa wanatafuta riziki yao, na kwamba yeye kama mama hana namna ya kuwafikia awatake radhi, ndiyo maana anamwomba jaji azipokee radhi hizo kwa niaba yao. Radhi ilinisumbua usiku mzima. Kwetu mtu huomba radhi, na mzazi hutoa radhi, na katika Kiingereza sikupata neno moja linalobeba vyote viwili. Mwishowe tuliliacha kama lilivyo, na maelezo mafupi chini ya ukurasa.

Kaka naye aliandika yake. Wakili alimzuia kueleza utoto wake. Aliandika juu ya yule mama wa duka la pili, kwamba alikuwa amevaa sweta ya kijani, na kwamba aliisoma barua yake mwaka 2020 na amekuwa akiishi nayo. Aliandika pia juu ya ugomvi wa mwaka 2009, ambao ndio doa pekee katika rekodi yake, badala ya kumwacha mwendesha mashtaka aulete kwanza. Kisha yakafuata mambo mengine kwa ufupi: cheti cha sekondari, mafunzo ya ufundi wa mabomba, miaka sita ya kuwasomea wazee walioanza kupoteza macho. Yangu ilikuwa ukurasa mmoja. Nilisema alichofanya, nikasema nitamhudumia vipi, nikatia saini.

Barua kwa mkuu wa gereza ilitumwa Desemba 2023, stakabadhi ikarudi, siku 30 zikapita bila jibu. Ombi liliingia mahakamani Februari 2024. Safari hii yule mama wa dukani, ingawa aliarifiwa, hakuandika kitu. Sijui ukimya wake ulikuwa na maana gani na sina haki ya kuutafsiri.

Kabla sijafika mwisho, niseme kwa ajili ya wanaonipigia ambao ndugu zao si raia wa Marekani. Kaka alikuwa ameshapata uraia. Asiye raia, akiachiliwa na jaji, mara nyingi hukabidhiwa moja kwa moja kwa maafisa wa uhamiaji, na safari yake huishia uwanja wa ndege wa Dar es Salaam au Nairobi. Kwa mtu kama huyo mpango wa kutoka lazima uandikwe wa huko anakokwenda: hospitali gani ya mkoa ina mashine, nani atalipia, nani atampokea. Nimemsaidia dada mmoja wa Mombasa kuandaa barua za namna hiyo. Msomaji wa pwani anayekumbuka kesi ya Baktash Akasha, mlanguzi wa dawa za kulevya kutoka Mombasa aliyehukumiwa miaka 25 New York mwaka 2019, asidhani kwamba magereza haya yana watu wa majina makubwa tu. Wamo vijana wetu ambao hakuna gazeti lililowaandika.

Uamuzi ulitoka Oktoba 2024, kurasa 19. Jaji alikuwa yuleyule. Alitaja ugonjwa, akataja lile jedwali la ukurasa mmoja kwa namba ya kiambatisho, akataja kwamba leo kaka angepewa miaka 21 kwa bunduki badala ya 57 na kwamba ameshatumikia 20, akataja barua ya kliniki. Hakulifanya kosa kuwa dogo. Aliliandika kurasa mbili nzima, na safari hii niliweza kuzisoma bila kukasirika. Akapunguza kifungo kiwe muda aliokwisha kutumikia, na miaka mitano ya uangalizi, na akaliwekea gereza siku zisizozidi 14 kukamilisha utaratibu.

Alitoka siku ya Alhamisi, na sanduku moja la karatasi. Ijumaa saa kumi na moja alfajiri nilimpeleka kliniki, na aliporudi alilala mpaka jioni. Alipoamka nilimpigia mama kwa simu yangu, nikampa. Kwa miaka 20 walikuwa wakizungumza dakika 15 kwa mara moja, na mlio wa onyo kabla ya laini kukatika, na sauti ya mashine ikiingilia kati kukumbusha kwamba simu inatoka gerezani. Alimwamkia, mama akaitikia marahaba, wakaanza kuulizana habari za watu, wengi wao waliokwisha kufariki. Nilikuwa nakoroga uji, na nikamsikia akiharakisha maneno, akisema haya mama, tutaongea tena, nisalimie wote, kwaheri. Nilitazama saa. Zilikuwa zimepita dakika kumi na nne.

Mama alimuuliza anakwenda wapi.